Kioski: Jumba la bustanini lililoishia Nyalenda

Mwezi uliopita rafiki yangu anayeishi Nyalenda, upande wa Dago, alinitumia picha ya karatasi iliyobandikwa kwenye nguzo ya stima. Ilikuwa ilani ya ofisi fulani ya umma, imeandikwa kwa lugha mbili, Kiingereza juu na Kiswahili chini. Ofisi yenyewe siitaji, maana kosa nitakalolieleza si lake peke yake. Ukitembea macho wazi utalikuta kwenye mbao za matangazo za ofisi nyingi. Chini ya picha rafiki yangu alikuwa ameandika maneno manne tu: "Japuonj, kioski ni nini?" Japuonj katika Dholuo ni mwalimu, na ndivyo anavyoniita tangu zamani tulipofundisha shule moja.

Nilidhani ananitania. Mtu anayenunua sukari ya kupima, kiberiti na maziwa ya pakiti kwenye kioski asubuhi na jioni, anamwuliza mtu wa chuo kioski ni nini? Kisha nikaikuza ile picha, nikasoma pande zote mbili, nikarudia. Upande wa Kiingereza uliagiza kuondolewa kwa vioski na majengo mengine ya muda yaliyo kwenye hifadhi ya barabara. Upande wa Kiswahili uliagiza kuondolewa kwa "vioski na vibanda vyote" kando ya barabara. Siku saba. Ukisoma haraka utasema ni kitu kimoja. Si kimoja, na jirani ya rafiki yangu alikuwa amekwisha kuligundua hilo kabla yangu, kwa kuwa ndiye aliyechorewa alama ya X nyekundu ukutani.

Jumamosi nikatoka Maseno kwa matatu, nikashuka mjini, nikachukua tuktuk hadi Ring Road, ile barabara ambayo upande wake mmoja ni Milimani penye kuta na miti, na upande wa pili Nyalenda inaanza. Mama mwenye X anauza maji. Jengo lake ni la mawe, limepigwa plasta, juu kuna zege, mbele kuna dirisha la nondo na mfereji unaotokeza nje. Mitungi ya manjano ilikuwa imepangwa foleni. Nilimsalimu, tukaketi kivulini, naye hakutaka maneno mengi.

"Mwalimu, wewe umesoma. Hii yangu ni kioski ama si kioski?"

"Wewe unaiitaje, mama?"

"Mimi naita kioski. Watu wa maji wanaita kioski. Hata kwa karatasi ya leseni imeandikwa kioski. Sasa kama ni kioski, wanabomoa. Niseme ni nini?"

Sikuwa na jibu la papo hapo. Fasili tunayofundisha darasani ni fupi: kioski ni kibanda cha kuuzia bidhaa ndogondogo. Fasili hiyo haimfai huyu mama kwa lolote. Jengo lake si kibanda, na maji si bidhaa ndogo. Nikamwomba muda. Makala haya ndiyo jibu langu, na itabidi nianzie mbali kidogo.

Neno kioski tumelichukua kwa Waingereza. Waingereza walilichukua kwa Wafaransa katika karne ya 17, Wafaransa kwa Waturuki, na Waturuki kwa Waajemi. Kwa Waajemi, kushk lilikuwa jumba, tena jumba la mtu mkubwa. Waturuki wakalitamka köşk, wakalitumia kwa majumba madogo ya starehe yaliyojengwa katikati ya bustani: kuta zake zimefunikwa vigae vya rangi, madirisha pande zote ili upepo upite, na makochi ya kulalia mchana. Ukifika Istanbul leo utaonyeshwa Çinili Köşk, lililokamilika mwaka wa 1472, na ndani ya kasri la Topkapı utaona Bağdat Köşkü, ambalo Sultani Murad wa Nne alilijenga kuukumbuka ushindi wake wa Baghdad wa mwaka wa 1638. Hicho ndicho kioski. Kilijengwa kwa ajili ya sultani, naye hakuuza humo hata kiberiti.

Wakuu wa Ulaya walivutiwa. Katika karne ya 18 kila mwenye bustani kubwa alitaka na yeye awe na kijumba cha Kituruki cha kunywea kahawa. Huko Lorraine, Stanisław Leszczyński, aliyewahi kuwa mfalme wa Poland na kuishi katika himaya ya Waturuki, alijengewa vioski katika bustani za Lunéville. Kisha miji ikafungua bustani kwa umma, na neno likatoka nje ya ukuta pamoja na watu. Kijumba cha bendi ya muziki kikaitwa kioski. Mwaka wa 1857 barabara kuu za Paris zikapata vioski vya kuuzia magazeti, na hapo ndipo biashara ilipoingia ndani ya neno kwa mara ya kwanza kwa nguvu. Uingereza ikafuata. Simu zilipokuja, kibanda cha simu kikaitwa kioski pia, na ile herufi K katika majina ya vibanda vyekundu vya simu vya Uingereza, kuanzia K1 ya mwaka wa 1921, ni K ya kioski.

Mpenzi msomaji, angalia lilivyoshuka. Jumba la mfalme, banda la muziki, dirisha la magazeti, sanduku la simu. Kila lilipovuka mpaka lilipunguzwa vyumba.

Yapo maneno mengine ya biashara yaliyopita njia ya kinyume. Duka tumelipata kutokana na dukkan la Kiarabu, na njiani lilipita pia vinywani mwa Wahindi waliofungua maduka kutoka pwani hadi Uganda. Reli ilipofika Kisumu Desemba 1901, mji ukiitwa Port Florence, maduka ya Wahindi yaliifuata, yakiwemo ya Alidina Visram, ambaye wakati huo alikuwa na matawi katika sehemu nyingi za eneo hili. Duka likawa neno la heshima: jengo la mabati na mbao, kaunta, mizani, daftari la madeni. Lakini dukkan ya kale ilikuwa benchi tu, kiinuko cha kukalia na kutandaza bidhaa mbele ya nyumba. Shop la Waingereza nalo lilianza kama sceoppa, kibanda kilichoegemezwa ukutani. Kwa hiyo duka lilianza benchi likapanda, shop lilianza kibanda likapanda, na kioski kilianza ikulu kikashuka. Tulipovikutanisha vyote Kenya tukaviweka kwenye ngazi moja na kumweka aliyezaliwa ikulu kwenye kidato cha chini. (Kando kidogo: Tanzania grosari ni mahali pa kunywea bia, ilhali babu wa neno hilo huko Ulaya alikuwa mfanyabiashara wa jumla. Maneno ya duka hayana adabu kwa wazee wao.)

Inashangaza pia kwamba Kiswahili kimekuwa kikipokea maneno ya Kiajemi kwa karne nyingi kupitia bahari. Bandari ni la Kiajemi. Serikali ni la Kiajemi. Bustani vilevile. Yote hayo yalikuja na jahazi, yakashuka Lamu na Mombasa yakiwa na maana zao karibu kamili. Kioski hakikuja na jahazi. Kilizunguka Istanbul, Paris na London, kikatufikia mkononi mwa Mwingereza kikiwa kimechakaa. Tungekipata kwa njia ya bahari pengine leo Ikulu ya Nairobi ingekuwa Kushiki.

Kiswahili nacho kilikipunguza kwa mkono wake chenyewe, na hapa ndipo pananivutia kama mtu wa sarufi. Kioski kina sauti "ki" mwanzoni. Sikio la Mswahili halisikii "ki" mwanzoni mwa nomino bila kufikiria ngeli ya KI-VI. Ndivyo kitabu cha Waarabu kilivyozaa vitabu, ingawa "ki" ya kitab haikuwa kiambishi bali sehemu ya mzizi. Ndivyo klabu ya Waingereza ilivyogeuka kilabu, ikazaa vilabu. Watanzania wana kipilefti, ile njia ya mzunguko ambayo bango lake liliagiza madereva wakae kushoto, na wingi wake ni vipilefti. Kioski kikaingia mlango huohuo, kikazaa vioski.

Ngeli hii ina mambo yake. Ndimo tunamoweka vitu, ndiyo, lakini pia ndimo tunamoshushia vitu: jumba huwa kijumba, banda huwa kibanda, mji huwa kijiji, mtoto akidharauliwa huwa kitoto. Anayesikia kioski kando ya kibanda, kijumba na kichumba hasikii neno la kigeni tena. Anasikia kitu kidogo. Hakuna "oski" kubwa ambayo kioski ni mtoto wake, ila sikio halijui hivyo. Nadhani hii ndiyo sababu fasili yetu ya darasani inarudia udogo mara mbili, kibanda na ndogondogo, kana kwamba mwandishi wake alikuwa akifasiri kiambishi badala ya neno.

Nyalenda hawasemi vioski sana. Katika ule muda nilioketi na yule mama nilihesabu wingi wa aina tatu. Kijana wa mkokoteni alisema "kiosk zote za huku zimepigwa X". Mzee mmoja aliyesimama kusikiliza alisema "makioski". Vioski nilikisikia mara moja, kwa msichana wa shule aliyevaa sare siku ya Jumamosi, akisoma ile ilani kwa sauti. Wapo wasomi wenzangu watakaosema hii ni athari ya Dholuo, lugha isiyo na viambishi vya ngeli kama vya Kibantu. Sikubaliani nao. Nenda Nakuru au Githurai, penye watu wengi ambao lugha zao za mama zimejaa ngeli, utasikia "makiosk" na "kiosk zangu" vilevile. Kinachotokea ni kwamba wasemaji wa miji hii hulichukua neno kutoka Kiingereza cha kila siku, si kutoka kitabuni, na nomino za kigeni huziegesha katika I-ZI au huzibandika "ma". Wanajua kwamba kiosk si ki-osk. Kwa kipimo cha historia ya neno, kijana wa mkokoteni yuko karibu na ukweli kuliko mimi ninayemsahihisha kwa kalamu nyekundu.

Tena wana uchambuzi wao wa maana ambao kamusi ingefaa kuusikiliza. Kibanda kwa mtu wa Nyalenda ni mahali pa kula: chapati na maharagwe, ugali na omena, chai ya maziwa. Mtu akikwambia "twende kibanda" hakupeleki kununua sabuni. Sabuni iko kioski. Duka ni lile unaloweza kuingia ndani ukasimama. Kioski unasimama nje na muuzaji yuko ndani. Hiyo ndiyo tofauti niliyoelezwa, na ni tofauti safi kabisa: haihusu ukubwa wala mabati, inahusu nani yuko upande gani wa dirisha. Mizani yake hushika vizuri. Dirisha la magazeti la Paris linapita mtihani huo. Mahali pa kuuzia maji panapita pia. Sanduku la simu ndilo linaloshindwa, maana mnunuzi ndiye aliyeingia ndani.

Halafu kuna kibandaski. Wasomaji wa Nairobi na Kisumu wanalifahamu. Ndilo jina la utani la hoteli ya kando ya njia, ile ya mabati na mabenchi. Mimi nalisoma kama kibanda kilichovishwa mkia wa kioski. Waliolibuni wamefanya kwa mzaha kile ambacho waandishi wa kamusi walifanya kwa dhati, yaani kuunganisha kibanda na kioski, lakini wao wakapata neno jipya lenye maana yake, nao wakabaki na maneno mawili yanayotajana. Ukiuliza kioski ni nini, ni kibanda. Kibanda ni nini? Kijumba kama kioski. Hapo mtoto wa shule atakuwa amezunguka kipilefti.

Nirudi kwa maji, maana ndiyo yaliyonileta Nyalenda.

Kioski cha maji si msemo wa mtaani. Ni msemo wa wataalamu. Katikati ya miaka ya 2000 kampuni ya maji ya Kisumu, KIWASCO, ilianza Nyalenda utaratibu wa kuuza maji kwa jumla kwa waendeshaji wa mtaani, nao wakayasambaza kwa rejareja, majumbani na kwenye vioski. Utaratibu huo umeandikwa sana na watu wa maendeleo, na kwa haki, kwa kuwa ulipunguza mabomba ya kuibia na kuwafikishia maji safi watu waliokuwa wakiyachota visimani. Dunga, kwenye mitambo inakosafishwa maji ya ziwa, si mbali na hapo. Mtu huweza kwenda kwa miguu. Pamoja na utaratibu huo likaja jina la Kiingereza, nasi tukalitafsiri neno kwa neno: kioski cha maji.

Jina hilo lina nasaba ambayo walioleta hawakuikusudia. Huko Istanbul, nje ya lango la Topkapı, kuna jengo la chemchemi la Sultani Ahmed wa Tatu, la mwaka wa 1728. Umbo lake ni la kioski hasa, lina paa pana na kuta zenye nakshi. Kwenye pembe zake nne kuna madirisha ya nondo, na nyuma ya kila dirisha alisimama mtumishi akiwapa wapita njia vikombe vya maji. Bure. Dirisha kama hilo Waturuki huliita sebil, kutokana na sabil ya Kiarabu, njia. Maji yaliyotolewa katika njia ya Mungu. Neno hilo tunalo. Kusabilia kitu kwa Kiswahili ni kukitoa bila kutaka malipo, na mzee wa Kibra au wa Mombasa hahitaji kufasiriwa fisabilillahi. Basi kwa umbo la jengo, dirisha la nondo, mtu ndani na mwenye kiu nje, yule mama wa Nyalenda ameketi ndani ya sebil. Tofauti ni mtungi na shilingi.

Wajerumani nao wana mfano. Katika miji ya viwanda na migodi ya Ruhr, karne ya 19, maji ya mfereji hayakuwa salama kunywa bila kuchemshwa, na wafanyakazi wengi walikunywa bia na pombe kali. Yakajengwa madirisha ya kuuzia maji ya chupa yenye gesi, yakaitwa Trinkhalle, ukumbi wa kunywea. Leo yanauza sigara, peremende na magazeti, na watu huyaita pia Kiosk. Yalianza kwa maji, kama ya kwetu, kisha mabomba mazuri yakaingia nyumbani na dirisha likatafuta kazi nyingine.

Kwetu bomba halijaingia katika kila nyumba, na neno kioski linatusaidia kulisahau hilo. Siku niliyokwenda, mtungi wa lita 20 ulikuwa shilingi 5. Mitungi 50 ni mita moja ya ujazo. Kwa hiyo mwenye mtungi alilipa shilingi 250 kwa mita moja ya ujazo, mbali na jasho la kubeba au malipo ya mkokoteni. Msomaji mwenye mita nyumbani achukue bili yake ya mwezi jana alinganishe mwenyewe. Nani aliyepata faida katika hizo 250 ni hesabu ndefu, yule mama naye analipia maji, leseni na matengenezo, wala simtuhumu. Lakini angalia lugha inavyofanya kazi. Mtu wa Milimani "anapata" maji. Mtu wa Nyalenda "ananunua" maji. Yule ana huduma, huyu ana kioski. Tulipokubali kuyaita mahali hapo kioski, tuliyaweka maji rafu moja na kiberiti na sukari ya kupima, yaani miongoni mwa vitu ambavyo mtu akikosa senti hukaa bila. Katiba yetu ya mwaka wa 2010, kifungu cha 43, inasema kila mtu ana haki ya kupata maji safi na salama ya kutosha. Hakuna aliyewahi kuandika haki ya kiberiti.

Mwenzangu mmoja, mtetezi mkali wa Kiswahili safi, nilipomsimulia haya alisema dawa ni kulifuta neno: tuseme kibanda, au tubuni, tuseme kichuuzio. Nilicheka, akaudhika kidogo. Kichuuzio ni neno zuri la kufanyia mtihani na hakuna atakayelitumia kuombea chumvi. Na kibanda ndilo lililotuingiza matatani. Turudi kwenye ile ilani.

Kiingereza chake kilisema vioski "na majengo mengine ya muda". Hilo "mengine" ndilo lililobeba mzigo. Ukisema mbwa na wanyama wengine wakali, umesema kwamba mbwa unaowazungumzia ni wakali. Ukisema vioski na majengo mengine ya muda, umesema kwamba vioski unavyovizungumzia ni vya muda: mbao, mabati, misumari, vitu vya kuhamishika. Kioski cha mawe chenye zege juu na bomba lililofukiwa ardhini hakimo. Mtu aliyeandika upande huo, akijua au asijue, alimwachia yule mama mlango wa kutokea.

Mfasiri akaja akaufunga. Akalitupa "mengine", akalitupa "ya muda", akaweka "vibanda", pengine kwa kuwa sikio lake lilimwambia kwamba kioski na kibanda ni pacha, na majengo ya muda ni yapi kama si hayo? Halafu akaongeza "vyote", neno ambalo halikuwamo. Matokeo yake ni sentensi isiyouliza jengo limejengwa kwa nini wala linakaa hapo kwa muda gani. Inauliza jina tu. Na mama jina lake ni kioski, limeandikwa kwenye leseni. Kijana aliyetumwa na kopo la rangi alikuwa na karatasi ya Kiswahili mkononi, hivyo ndivyo majirani walivyonieleza, akafuata aliloagizwa. Simlaumu. Alisoma vizuri Kiswahili kilichoandikwa vibaya.

Kuna jambo la pili katika tafsiri ile. "Hifadhi ya barabara" ni neno lenye mipaka. Kuna ramani na kuna vigingi. "Kando ya barabara" halina mipaka. Nyumba ya rafiki yangu iko kando ya barabara. Msikiti uko kando ya barabara, na kanisa, na shule ambayo yule msichana alivaa sare yake. Nimesikia watu wakisema kwamba kwa ilani kama hizi Kiswahili ni mapambo, kwamba ikifika mahakamani kitasomwa Kiingereza. Huenda. Lakini Ring Road si mahakama, na kopo la rangi halisubiri wakili.

Niliandika upya ile sentensi papo hapo, nyuma ya bahasha, na hivi ndivyo ilivyokuwa: "Wenye vioski vya mbao au mabati, na wenye majengo mengine yoyote ya muda yaliyojengwa ndani ya hifadhi ya barabara, wanatakiwa kuyaondoa katika muda wa siku saba. Agizo hili halihusu vioski vya maji vilivyojengwa kwa mawe na kuunganishwa na bomba." Ni ndefu kuliko ya kwao. Karatasi ile ilikuwa na nafasi ya kutosha chini ya muhuri, niliiangalia.

Yule mama alinitaka niisome mara mbili. Mara ya pili alinikatiza kwenye "vioski vya maji".

"Hapo umesema bado ni kioski."

"Ni kioski, mama. Jina lako halina kosa."

"Na hiyo ya kwanza, ya mabati, ya jirani yangu anauza mboga na mkate?"

Nikamwambia hiyo, kwa Kiingereza chao na kwa Kiswahili changu, imo. Alitazama ng'ambo ya njia, jirani mwenyewe alikuwa anampimia mtoto mafuta ya kupikia kwenye chupa ya soda. Kisha akaniuliza kama bahasha ile anaweza kukaa nayo. Nikampa. Jumatatu aliipeleka ofisini pamoja na leseni yake, rafiki yangu akamsindikiza. Waliambiwa waiache mapokezi. Hadi ninapoandika haya siku zile saba zimepita mara mbili, hakuna tingatinga lililokuja, na X ingali ukutani, ameitundikia kalenda.